Damu Iliyokataa Kuganda

Walipomshikisha Mama Felista rozari kabla ya kufunga jeneza, kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kilikataa kupinda. Dada yangu Leokadia alijaribu mara mbili, kisha akazizungusha shanga kwenye vidole vingine na kukiacha kile kimenyooka. Kijana mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba maiti wote hukakamaa. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na ulimi wangu huwasha nikisikia jambo la uongo, lakini siku ile niliumeza ukweli wangu. Kidole kile hakikukakamaa kwa kifo. Kilikakamaa mwaka ambao mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, na kilikakamaa kwa sababu yangu, na mwenye kidole alikuwa amenificha muda wote huo kwa sentensi moja tu aliyomwambia bwana mifugo. Nikatoka nje nikaenda kukaa jikoni, jiko lile lile, nikalia kama mtoto.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo, na kama kuna kiumbe anayejiona anajua kila kitu duniani, ni msichana anayesubiri matokeo. Leokadia alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, Anastazia, nyumbani kwa wakwe zake huku Uru, mlimani. Mumewe alikuwa kazini Tanga na tulimjua kwa barua. Nikatumwa nikamsaidie dada: nifue nepi, nichote maji, nikate majani ya ng'ombe. Nyumba ya mbele ilikuwa ya matofali, iliyoanza kujengwa wakati kahawa ilipokuwa kahawa na ikasimama pale bei ilipokufa, kwa hiyo madirisha ya upande mmoja yalikuwa na vioo na ya upande wa pili yalizibwa kwa magunia. Nyuma yake, katikati ya migomba, palikuwa na jiko la zamani la udongo, na ndani ya jiko, nyuma ya ukuta mfupi wa mbao, alikaa fahali. Alikuwa hajawahi kutoka nje tangu aletwe akiwa ndama. Alikula, akalala, akanenepa akisubiri Krismasi, na sisi tulipika huku akitupumulia mgongoni.

Dada alilala chumba cha vioo. Mlangoni palikuwa na pazia la kitenge, na ukilipita unakutana na joto, harufu ya samli, maziwa ya mama na kitoto. Kwetu mzazi aliyetoka kujifungua hafanyi kazi, na anakula chakula chake peke yake: mtori mzito wa ndizi asubuhi, supu mchana, maziwa wakati wowote, na kikubwa kuliko vyote, mlaso, yaani damu mbichi iliyokorogwa na maziwa na samli ikapashwa moto kidogo, ili arudishe damu aliyoimwaga wakati wa kuzaa. Sisi wengine tulikula ndizi na maharage na kumwonea wivu. Mama Felista, mkwe wake, ndiye aliyekuwa akipika vyote. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye goti moja bovu lililomfanya atembee kama anayehesabu ngazi, na hakupenda kelele. Nilipofika siku ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo Mama," akaniitikia, "Marahaba," akanitazama viganja, akasema, "Hivi vimeshika kalamu tu. Tutaona." Nilimchukia kwa siku mbili, halafu nikaanza kumfuata kila anakokwenda.

Lazima nieleze kuhusu kopo. Shuleni kwetu mwalimu wa baiolojia, mwanamke mfupi asiyecheka, alikuwa na kopo la biskuti lililotobolewa juu, na kila Ijumaa alichomoa humo swali moja tulilotumbukiza bila jina. Kwa nini mtu hawezi kujitekenya mwenyewe? Kwa nini popo analala kichwa chini na damu haimjai kichwani? Kwa nini kucha zikikatwa hazitoki damu? Swali langu lilikuwa la jikoni: kwa nini damu ya mlaso ikikorogwa haigandi, na isipokorogwa inakuwa kama ini? Darasa zima lilicheka na wote wakageuka kunitazama, maana mwandiko wangu ulijulikana. Mwalimu hakucheka. Alisema ndani ya damu kuna kitu kilichoyeyuka, na damu ikitoka nje ya mwili kitu hicho kinageuka kuwa nyuzi, nyuzi zinasuka wavu, wavu unashika kila kitu na damu inakaa. "Mama zenu wanapokoroga," akasema, "zile nyuzi zinanasa kwenye kijiti. Wanazitoa, wanawatupia mbwa, na damu iliyobaki haina cha kusukia wavu. Wanafanya maabara jikoni na hakuna anayewapa cheti." Kisha akasema kuna wakati damu hukataa kuganda hata kama hakuna aliyeikoroga, na hiyo ni dalili mbaya, akaanza kutaja sababu, tukaanza kuandika, kengele ikalia. Nilicheka kwa furaha kwa sababu ilikuwa kengele ya chakula. Kengele ile nimeilaani mara nyingi sana tangu hapo.

Mvua za vuli zilichelewa mwaka ule. Majani yaliisha kwenye kingo za mifereji, yakaisha kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya migomba ya watu, na ikabidi tushuke chini tambarare, mwendo wa saa mbili kwenda na zaidi kurudi, mzigo kichwani na mlima mbele. Siku moja nilishuka peke yangu. Kila mahali palikuwa vumbi na mabua ya mahindi, isipokuwa sehemu moja kando ya mfereji uliokufa, kipande kama ukubwa wa uwanja wa kanisa, kilichokuwa kimemea majani mafupi ya kijani kabisa. Nilijiona mjanja kuliko wasichana wote wa Uru. Mundu wangu ulikuwa butu na majani yalikuwa mafupi, kwa hiyo niliyang'oa kwa mikono, mizizi na udongo vikaja pamoja, nikafunga mzigo, nikapanda. Jioni fahali alipoyaona alinyoosha shingo juu ya mbao kabla sijafungua kamba. Mama Felista akauliza, "Umeyapata wapi haya?" nikamweleza kwa maringo, kando ya ule mfereji wa zamani, pale pabichi. "Leo umeleta majani ya Krismasi," akasema. Lilikuwa ndilo neno zuri la kwanza aliloniambia, nikalala nalo.

Siku ya nne asubuhi fahali hakusimama kula. Alikuwa anatetemeka mapajani, anapumua kwa haraka, macho mekundu. Mzee Melkiori, baba mkwe wa dada, akaja akamtazama, akaenda akarudi. Zamani chanjo zilikuja na gari la serikali mpaka chini ya barabara na unapeleka mnyama wako bure. Miaka ile gari lilikuwa limeacha kuja, dawa zilikuwa dukani mjini, na watu walisubiri kuona kama mnyama atapona mwenyewe. Kufika saa tano fahali alilala ubavu. Mzee akasema, "Huyu akifa ni kibudu, tunamtupa. Tuwahi kisu." Hakuna aliyepinga, na mimi nasema ukweli, nilifurahi, kwa sababu nyama ilikuwa imekuja kabla ya Krismasi. Wanaume watatu wa jirani wakaitwa, akavutwa nje, akalazwa juu ya majani ya migomba, na Mama Felista akapiga goti zima chini, bovu akalinyoosha pembeni, akatega beseni.

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kurushiwa matone. Damu ilitoka nyeusi, polepole, si kwa kuruka kama nilivyozoea. Mama Felista akachukua kijiti chake, tawi lenye vidole vitatu lililokwisha kuwa laini kwa kushikwa, akaanza kukoroga kwa mwendo ule ule wa siku zote. Mara nyingi baada ya muda mfupi unaona kijiti kinaanza kuvaa nyuzi, kwanza chache, halafu zinakuwa donge la rangi ya waridi, na yeye anazivua kwa vidole na kutupa. Siku ile alikoroga, akakoroga, akainua kijiti. Kilikuwa kitupu. Damu iliteleza juu yake ikadondoka yote. Akakirudisha, akakoroga tena, akapitisha kidole cha shahada katikati ya matawi yake kutafuta, akakuta hakuna. Pale kwenye kidole alikuwa na mkato mdogo wa kisu cha kumenyea ndizi. Niliuona mkato ule. Niliuona na sikuwaza chochote.

"Mae!" akasema, na uso wake ukafunguka kwa furaha. "Angalieni damu hii. Haina hata uzi mmoja. Mungu amempa mzazi wetu mlaso laini, hata kuchuja hakuna haja." Wanawake waliokuwa wakiosha utumbo wakaja kutazama. Mmoja akasema mtoto atakuwa na bahati. Mwingine akasema mnyama aliyelishwa ndani siku zote ndivyo damu yake inavyokuwa, ya upole. Walikubaliana vizuri kiasi kwamba ingekuwa mimi ni mtu wa kuamini walichoamini wakubwa, leo ningekuwa na hadithi nyingine, na dada yangu angekuwa kaburini. Lakini kichwani mwangu ilinirudia Ijumaa ile ya kopo. Nilimsikia mwalimu, sikumsikia vizuri. Nikapita pazia bila kubisha, nikavuta sanduku langu chini ya kitanda cha dada, nikatoa daftari.

Leokadia alikuwa amelala ubavu akinyonyesha. "Kuna nini huko? Mbona unahema?" Nikamwambia hakuna kitu. Nikafungua ukurasa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri mwanzoni: nyuzi, wavu, kijiti. Chini kabisa niliandika: Damu isiyoganda yenyewe, hatari, sababu. Moja, sumu ya baadhi ya nyoka. Mbili, mnyama aliyekufa ghafla kwa. Halafu hakuna kitu. Kwa nini? Kengele. Nilikaa pale chini nikaligeuza daftari upande wa pili kana kwamba jibu lingekuwa nyuma. Sikujua ni ugonjwa gani. Sikujua kama unaua watu au ng'ombe tu, kama moto unaumaliza au haumalizi. Nilijua nusu ya sentensi, na nje wanaume walikuwa wanapasua fahali.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa nyama inavyogawanywa. Kila kipande kina mwenyewe tangu mababu: kidari kina mtu wake, mguu fulani wa fulani, shingo ya fulani, sehemu za wanawake, sehemu ya mjomba. Kumnyima mtu kipande chake ni kumwambia yeye si ndugu. Nilipotoka nje vipande vilikuwa vimeshaanza kupangwa juu ya majani ya migomba, na viwili vilikuwa vimekwisha kuondoka kwenda kwa majirani. Nikamwendea Mzee Melkiori. "Baba, samahani. Hii damu haikuganda. Shuleni tulifundishwa kwamba ni dalili ya ugonjwa." Hakuinua kichwa. "Ugonjwa gani?" Nikasema sijui. Wale wanaume wakacheka. "Sikia, binti," Mzee akasema. "Mimi nimechinja kabla mama yako hajaolewa. Tulijua alikuwa mgonjwa, ndiyo maana tumemchinja. Nenda kamsaidie Mama jikoni." Niliona mkono wake wa kushoto ukivuta jani la mgomba na kufunika kitu pembeni ya matumbo. Niliona, na hilo nalo sikuliwaza.

Jikoni sufuria ilikuwa motoni. Maziwa, samli, na sasa damu, nyembamba, nyeusi, ikizunguka. Mama Felista alikuwa akiimba polepole wimbo wa kanisa. Nikamwambia, "Mama, naomba mlaso huu usubiri." Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari za nyuzi, kwa haraka na vibaya, nikichanganya Kiswahili cha darasani na hofu, na alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyonisikiliza siku zote, halafu akasema, "Filo, mzazi anangoja. Mwalimu wako ameshawahi kuzaa?" Akamimina kwenye kikombe cha bati chenye maua, akanipa. "Mpelekee ukiwa wa moto."

Kutoka jikoni mpaka pazia la dada ni hatua kama ishirini. Nimezipita tena juzi, nikazihesabu. Wakati ule zilikuwa nyingi zaidi. Nilikuwa nabeba chakula cha heshima kuliko vyote katika nyumba ile, kilichopikwa na mwenye nyumba kwa mikono yake, na uani watu wazima walikuwa wananitazama kwa sababu ya maneno niliyomwambia Mzee. Kama mimi ni mjinga, nitakuwa nimemtukana mkwe wa dada mbele ya ukoo, na dada ndiye atakayekaa na matusi hayo maisha yake yote. Kama si mjinga, nilikuwa nabeba kifo chake ndani ya kikombe chenye maua. Niliogopa yote mawili sawasawa. Nilifika kwenye pazia. Ndani nikasikia Leokadia akimwambia mtoto, "Chakula cha mama kinakuja, na wewe utashiba." Nikageuza kikombe chini.

Kumwaga mlaso wa mzazi kwenye kizingiti chake ni jambo ambalo mtu mwenye akili halifanyi. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mzee Melkiori akasimama, kisu mkononi, akaniambia nifungashe nguo zangu. Mama Felista akatoka jikoni akichechemea, kijiti bado mkononi mwake, akasimama mbele yangu, na nilifumba macho nikisubiri kofi. Nikasema, macho yamefumbwa, "Mama, wewe umekoroga miaka mingapi? Kimewahi kutoka kitupu?"

Kofi halikuja. Nilipofungua macho alikuwa anakitazama kijiti. Alikitazama muda mrefu, akakigeuza, na niliona furaha yote ya asubuhi ikimtoka usoni. "Tangu nimeolewa," akasema, si kwa sauti kubwa. "Hakijawahi." Kisha akamgeukia mumewe. "Mzee, bandama iko wapi?" Mzee akalitupia jicho jani la pembeni ya matumbo. Mama Felista akaenda mwenyewe, akalisogeza lile jani la mgomba kwa ncha ya kijiti. Bandama ilikuwa imevimba mara tatu ya kawaida, nyeusi, imelegea kama ugali uliokosewa maji. Mzee alikuwa ameiona tangu alipompasua mnyama, na kila mchinjaji anajua kwamba bandama ya namna hiyo ni ugonjwa mbaya. Alikuwa ameiona na akaifunika, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuitwa na hakujua jinsi ya kuwarudisha mikono mitupu. Akaweka kisu chini. Nimemsamehe kwa jani lile, maana mimi nami nilikuja kuwa na jani langu.

Mama Felista akasema hakuna atakayekula. Vile vipande viwili vilivyoondoka akavifuata mwenyewe, na goti lake, akiegemea mpini wa jembe. Kuomba nyama irudishwe! Sijui kama kuna mwanamke mwingine wa mlimani amewahi kufanya hivyo. Nyumba ya kwanza walimpa huku wamenuna. Ya pili sufuria ilikuwa imeanza kuchemka, na mwenye nyumba akamwuliza kama ukoo wao umekuwa wa mbwa. Alisimama mlangoni mpaka walipochoka kumtazama, akarudi na sufuria nzima.

Bwana mifugo aliitwa, akaja asubuhi iliyofuata, kijana mwembamba mwenye buti za mpira. Alipoambiwa habari za damu na bandama aliacha kutania. Ugonjwa ulikuwa kimeta, akasema, kinaua ng'ombe na watu vilevile, na nusu ya sentensi yangu ikapata mwisho wake. Alituambia jambo lililonishangaza kuliko yote ya kwenye kopo: kwamba kosa kubwa lilikuwa kumpasua. Mnyama akiachwa mzima, vijidudu vingi vinaoza pamoja naye. Ukimfungua, hewa inaingia, na vikionja hewa vinajivika ganda gumu, na vikishajivika vinakaa udongoni miaka na miaka, jua halivimalizi, na kuchemsha sufuriani si dawa ya kutegemea. Shimo likachimbwa refu, chokaa ikamwagwa, hata udongo wenye damu ukafukiwa humo. Kikombe chenye maua kikaenda pia. Tukapigwa marufuku kumenya hata ndizi mpaka tumenawa mbele yake.

Halafu akauliza. Tulikuwa uani wote, Leokadia akisikiliza dirishani. "Huyu mnyama hajatoka ndani. Basi kimeta kimemfuata kwenye chakula. Majani mlikata wapi?"

Mzee Melkiori akasema kuna mahali kule chini, kando ya mfereji wa zamani, ambako alipokuwa kijana ng'ombe wengi walikufa wakafukiwa, na wazee walikataza kuchunga pale, lakini waliojua wamekwisha. Nikauona ule ubichi, nikaona mikono yangu ikiing'oa mizizi na udongo. Nilikuwa shujaa wa siku moja, wanawake walikuwa wameniletea ndizi mbivu, na Leokadia alikuwa amenikumbatia mpaka mbavu zikauma. Nilijua jibu, na sikufungua mdomo.

"Nilikata mimi," Mama Felista akasema. "Pale pale kwenye mfereji. Nilisahau maneno ya wazee."

Bwana mifugo akaandika. Mzee akatazama chini, akachora mstari kwenye vumbi kwa kidole cha mguu. Leokadia akaondoka dirishani. Na mimi nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho.

Kesho ile haikuja, likaja jambo lingine. Siku chache baadaye nilimwona Mama Felista akimenya ndizi kidole cha shahada kimeinuliwa hewani, kimefungwa kitambaa. Akasema ni mbu. Nikamfuata mpaka akakifungua: uvimbe, malengelenge pembeni, na katikati, pale penye ule mkato, kidonda cheusi kama kaa la moto lililozimika. "Hakiumi hata kidogo," akasema, "ningekuwa naumwa ningesema." Hilo nalo lingefaa kuingia kwenye kopo: kwa nini kidonda kibaya kuliko vyote hakiumi? Kwa sababu sumu inaua nyama pamoja na mishipa inayopeleka habari, na mwenye mkono anatulia huku mkono unakwisha. Siku ile sikujua hilo. Nilijua tu rangi. Nilimburuta mpaka zahanati ya watawa, tukisimama kila kona kwa sababu ya goti, na akadungwa penisilini siku nyingi. Alipona. Kidole kilibaki kimenyooka, kama cha mtu anayekuonyesha njia. Mpaka amezeeka alikoroga mtori, akafunga kanga, akawabariki wajukuu kwa kidole kile, na kila nilipokuja likizo nilikitazama kabla ya kumtazama usoni.

Wanafunzi wangu wote wanaijua hadithi ya damu isiyoganda. Nimeisimulia kila mwaka, na kijiti, na kikombe, na nusu ya sentensi. Sehemu ya majani nimeiruka kila mwaka. Miaka ikizidi, kusema kunakuwa kugumu zaidi, kwa sababu sasa unalazimika kuungama na kosa na ukimya pia. Na sasa amekufa, na nimemwacha aondoke na hatia yangu kidoleni.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, nilimkuta Mzee Melkiori amekaa kwenye kigoda jikoni. Ana zaidi ya miaka tisini na sikio moja tu linalofanya kazi. Leokadia alikuwa akimnywesha uji, na Anastazia, yule mtoto mchanga wa mwaka ule, sasa mama wa watoto watatu, alikuwa akiosha vyombo. Nikaketi upande wa sikio zima. Nikasema kwa sauti kubwa, maana hapakuwa na namna nyingine, "Baba, yale majani ya fahali hakukata Mama. Nilikata mimi."

Nikasubiri. Leokadia hakusimamisha kijiko. Anastazia hakugeuka. Mzee akameza uji, akajifuta mdomo, akanitazama kama alivyonitazama siku ile uani, ila bila kisu.

"Filo," akasema, "mama yako alikuwa na goti lile tangu kabla hujaja hapa. Hata sokoni hakuwa anashuka. Wewe ulidhani alifikaje tambarare?"

Nilimgeukia dada yangu. Alikuwa akikwangua uji uliobaki kando ya bakuli.

"Alituambia tusikuulize," Leokadia akasema. "Alisema ukiwa tayari utasema mwenyewe. Mpaka juzi asubuhi alikuwa bado ananiuliza kama umeshasema."